Maji Yasiyo na Mkono

Haya ninayoandika ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Kama nimeongeza hata kijiko, Lualaba irudi nyuma ipande mlima, na bukari, ugali wetu, inikwame kooni mbele ya watoto wa watu. Wanaonifahamu hapa Kolwezi watasema Tata Mbayo ameanza tena. Waseme. Ile habari ya nyoka aliyepanda treni mpaka Dilolo bila tikiti, sawa, pale nilitia chumvi. Hii ya maji sikutia kitu. Au kidogo tu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, mvua zikielekea kwisha. Kazi ya mgodi ilikuwa imelala chali: magari makubwa yamesimama, mishahara imekuwa hadithi, mabomba ya mtaani yanakohoa upepo. Juu ya njaa hiyo ikaja shida mbaya zaidi. Vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba wakisema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Babu zao waliletwa huku kuchimba shaba. Wao wamezaliwa hapa, wamezika hapa. Mama mkwe wangu, Mama Mushiya, Kasai alikuwa haijui hata kwa picha. Alitolewa nyumbani kwake asubuhi moja na sufuria mbili na godoro, akapelekwa gare pamoja na maelfu ya wengine kungoja treni. Treni haikuja. Wiki zikapita, watu wakilala uwanjani kando ya reli, chini ya maturubai na mabati.

Mke wangu Bilonda ni mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Muluba wa huku huku Katanga, upande wa Lubudi, na kwa sababu hiyo nyumba yetu iliachwa. Walitupa mawe mawili juu ya bati, wakatukana kidogo, wakaenda.

Siku moja Bilonda akarudi toka gare, akaketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama ameanza," akasema.

"Ameanza nini?"

"Tumbo. Kama bale bengine. Na maji yetu anakataa."

Hapo nikanyamaza, na mtu yeyote anayenijua ataona hiyo ni ajabu ya kwanza katika habari hii. Pale uwanjani maji yalikuwa ya mfereji mmoja tu, rangi ya chai ya maziwa, na waliokunywa tumbo liliwaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Tayari wengine walikuwa wamezikwa kule nyuma ya ghala. Bilonda alikuwa anambebea mamaye bidoni ya maji ya kisima cha jirani, ameyachemsha mwenyewe, kwa mkono wake. Mama Mushiya aliuliza neno moja: "Hii maji inatoka kwa nani?"

"Kwetu, mama."

"Kwenu njo kwa bwana yako. Pea batoto ya pembeni."

Asiyejua bukwe atasema mama huyu ana kichwa kigumu. Hapana. Kwetu mkwe mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mama hali wala hanywi kitu cha nyumba ya mkwe wake. Si chuki, ni heshima, na kubwa kuliko zote. Mama Mushiya alikuwa amenyang'anywa nyumba, kabati, mtaa na majirani. Bukwe ilikuwa imebaki, na hiyo hakuna kijana mwenye rungu aliyejua namna ya kumpokonya. Angeiacha vipi, tena kwa sababu ya kiu?

"Atakufa," Bilonda akasema. "Atakufa na heshima yake."

Nikatoka, nikazunguka lupango, uwanja wa nyumba yetu, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikamkumbuka nyanya yangu wa Lubudi. Mto ukiwa matope, yeye hakuchota mtoni. Alichimba shimo kwenye mchanga pembeni, hatua chache toka ukingoni, akangoja. Maji yakaingia yenyewe polepole, meupe. Nilikuwa namwuliza: nyanya, maji haya nani ameyasafisha? Anajibu: nani amekuambia kuna mtu.

Nikapanda baiskeli mpaka gare, nikamtafuta Tata Tshilombo, mdogo wake Mama Mushiya, ambaye ndiye msemaji wa wakwe zangu. Huyu alikuwa karani maisha yake yote. Hata pale, amelala wiki tatu juu ya kokoto, alikuwa na tai shingoni. Nilipiga makofi ya salamu, nikachuchumaa.

"Tata Tshilombo, niko na ulizo ya sheria."

"Sheria gani tena? Sheria ilipita pale na barabara, haikusimama."

"Ya bukwe. Maji ya mfereji ile, iko ya nani?"

"Ya Mungu. Na ya vyura."

"Sasa ikipita yenyewe mu muchanga, mu makala ya jiko, mu mawe, itoke chini, hakuna mutu ameishika. Iko ya mukwe?"

Tata Tshilombo akatengeneza tai. Akafikiri muda mrefu; nadhani alifurahi mtu kumwuliza jambo tena.

"Nani ataimwanga juu?"

"Bilonda."

"Nani atajenga hiyo kitu?"

"Mi. Lakini mwenye kuchimba kisima, ni yeye anakunywesha?"

"Weye ni mujanja," akasema. "Iko maji isiyo na mukono. Napitisha. Lakini utatia kitenge katikati, na macho yako utaitunza mu mufuko."

Nikapata pipa la mawese la jirani yetu Kalenga. Nikaliosha kwa majivu na maji ya moto mpaka harufu ikatoka, nikatoboa tundu chini kabisa, nikachomeka tete, lile la mtoni lenye shimo katikati, na kuziba pembeni kwa udongo wa kichuguu. Mpaka hapo nilikuwa fundi.

Kisha nikafanya kosa ambalo ni la mtu wa Kolwezi tu. Mtu wa kwingine akitaka mchanga anafikiri mto. Sisi tukitaka mchanga tunafikiri yale malundo nyuma ya mgodi, mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa na mashine miaka na miaka. Mchanga ule ni laini kama unga, umechekechwa tayari, na uko karibu. Nikabeba magunia mawili. Juu yake, kwa urembo, nikatia vijiwe vya kijani, vizuri sana, ungesema dirisha la kanisa.

Tukaweka pipa juu ya matofali pale uwanjani, kitenge kimetundikwa kwenye kamba. Upande ule amelala Mama Mushiya, upande huu niko mimi, nimempa mgongo. Bilonda akamwaga maji ya mfereji juu. Yakashuka, yakatoka kwenye tete masafi, yanang'aa, na ndani yake rangi ya bluu kidogo, kama shati lililofuliwa vizuri. Watu wakasema eeh. Mimi nikaonja wa kwanza. Mdomo ukawa kama nimelamba kitasa cha mlango.

Nikajifanya hakuna kitu, Bilonda akampelekea mamaye tone la kuonja. Lakini toka nyuma ya kitenge ikaja sauti dhaifu. Mkwe hazungumzi na mkwe moja kwa moja, kwa hiyo Mama Mushiya alikuwa anazungumza na pipa.

"Pipa," akasema, "uambie ule mwenye kukujaza: mi sikuomba anigeuze waya ya umeme."

Watu wakacheka, na pale gare kicheko kilikuwa hakijasikika siku nyingi. Mimi nikajibu kwa pipa vilevile, ningefanyaje.

"Pipa, mupe mama samahani. Umuambie mukwe yake ni mutu wa shaba, anasahau kama watu bengine ni watu wa maji."

"Pipa, umuambie aharakishe. Mi sina nguvu ya kucheka mara mbili."

Neno hilo la mwisho lilinitoa jasho. Nikamwaga kila kitu, nikasugua pipa upya, nikapanda baiskeli kwenda Lualaba, upande wa juu, ambako hakuna mashine iliyowahi kuoga.

Mchanga wa mto nauosha hapo hapo. Unatia ndooni, unamwaga maji, unakoroga kwa mkono, matope yanapanda juu, unamwaga. Tena, na tena, mpaka ndoo ikikorogwa maji yanabaki kama yalivyoingia. Hapo ndipo wavivu wanaharibu. Nikachagua mchanga wa namna mbili, laini na wa punje kubwa, na kokoto, na mawe ya ukubwa wa ngumi. Baiskeli ikalia. Nasema mzigo ule ulikuwa uzito wa ng'ombe wawili na mchungaji wao, na siongezi. Kama naongeza, ni mchungaji tu.

Njiani vijana walikuwa wameweka mti barabarani. Mmoja, mrefu, kofia ya mgodi kichwani, akapiga gunia kwa rungu.

"Tata, unabeba nini?"

"Muchanga."

"Unapeleka wapi?"

"Ku gare."

"Kumbe weye njo ule mukwe wa ba-Kasai. Unabajengea nyumba kule?"

Wakanizunguka. Nilijua wakimwaga magunia, jua litatua kabla sijaosha mengine, na Mama Mushiya hakuwa na jua jingine la kungoja. Mkweli angekufa pale. Mimi nikashusha sauti.

"Mutoto, usipige tena. Hii ni muchanga ya kaburi ya babu, nkambo yangu. Mwenye kuimwanga, anasikia sauti ya mama yake anaita usiku na usiku, na mama hayuko. Napeleka kuitupa ku reli, treni iibebe mbali na sisi."

Yule mrefu akafuta rungu lake kwenye suruali, mbele na nyuma. Wakaondoa mti. Mmoja akanisukumia baiskeli mpaka mlima ulipoisha, akiwa ameshika kiti tu, mbali na gunia.

Basi nikajenga upya. Mawe ya ngumi chini, ili tete lipumue. Juu yake kokoto. Kisha mchanga wa punje kubwa. Kisha makala, makaa ya jikoni, yale ya mti mgumu. Bilonda aliyaponda kwenye kinu, si unga, si mapande, ukubwa wa mahindi yaliyovunjwa, akayaosha. Juu ya makala mchanga laini, mwingi, unene wa viganja viwili. Mwisho kitambaa safi, na jiwe bapa juu yake ili maji yakimwagwa yasichimbe shimo. Hakuna kitu cha kununua. Yote ni ya ardhi, ukitoa pipa, na pipa ni la Kalenga.

Maji ya kwanza yakatoka meusi, yamebeba vumbi la makala. Wakaanza kunicheka. Nikasema mwageni. Ya pili, ya kijivu. Mwageni. Tukamwaga na kumwaga, na kila mara nilisikia nyuma ya kitenge pumzi ya mama, fupi, kama mtu anayepanda ngazi. Halafu tete likatoa uzi mwembamba, na uzi ule ulikuwa mweupe mpaka ukaonekana kama haupo.

Hapa wengine wanasema naongeza. Sikiliza. Chura mmoja aliyetekwa na ndoo toka mferejini alishuka na maji kupitia tabaka zote, akatokea kwenye tete amekuwa mweupe kama shuka ya misa, akatazama huku na huku, akaomba radhi. Mtu wa kwanza kupewa kikombe alikirudisha akisema hakijatiwa kitu. Hayo niliyaona.

Lakini kuchuja si kuua. Matope yanabaki juu. Wadudu wadogo wa tumbo, wale hawana haya, wengine wanapita. Kwa hiyo Bilonda akachemsha maji yale mpaka yakaruka vizuri, na kwa kuwa yalikuwa safi sufuria haikubaki na tope. Akayapoza, akatia kiasi cha sukari na chumvi kidogo kama machozi, akayaweka katika beseni jeupe la enameli kwenye mwisho wa kitenge, na kikombe kando. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wangu. Nikakohoa.

"Pipa," nikasema, "umuambie mama maji iko tayari. Haina mwenyewe. Inatoka mu mawe."

Nikasikia anajiinua juu ya godoro.

"Pipa," sauti ikasema mwisho, "nani anashuhudia?"

"Mi," akasema Tata Tshilombo, amesimama, tai imekazwa. "Ni maji isiyo na mukono. Kunywa, yaya, dada yangu."

Nikasikia kikombe kinagonga beseni. Nikasikia koo. Kikombe tena. Bilonda akaingia kuketi karibu na mamaye, na tete likaendelea kudondosha.

Usiku ule alikunywa, kesho yake alikunywa, na tumbo likaanza kukaza. Siku ya pili aliomba uji. Siku iliyofuata alimgombeza jirani yake juu ya godoro, akaita majina ya ukoo wake mpaka kizazi cha tatu, na Bilonda akaja mbio kuniambia, machozi yanatiririka: "Anatukana. Mama anatukana vizuri." Nikaketi juu ya reli. Sijapata kusikia matusi matamu vile.

Watu wengine wakaomba, na tukajenga mapipa mengine. Wakajitolea wenyewe kwenda kuchukua mchanga mtoni, na kwenye ule mti vijana waliwapisha mbali, macho chini, kila mtu na kaburi lake mgongoni.

Kisha treni ikaja. Ilikuja asubuhi, inapiga filimbi toka mbali, na uwanja wote ukasimama. Kuondoka kule hakukuwa sikukuu, watu waliacha maisha yao huku. Lakini ulikuwa umefika wakati ambapo kuondoka mzima ni kitu cha kushukuru, na Mama Mushiya alikuwa anaondoka mzima, amejifunga kitenge chake mwenyewe, anatoa amri juu ya sufuria zake mbili.

Wakati wanapakia, wanaume walinizunguka karibu na pipa. Tata Badibanga, mchungaji wa kanisa lao, akaniomba niwasimulie mwanzo mpaka mwisho, waende nayo Kasai. Mtu kama mimi, anaombwa hadithi, na moyo wake umetoka tu kutua mzigo. Nilimwaga yote. Chura nilimpa mke. Mchanga wa kaburi ulipiga kelele. Treni yenyewe, nikasema, ilichelewa kwa kuwa dereva alisikia sifa za maji yetu toka Lubudi, akataka kuja na kichwa kilichooshwa. Wakacheka wakashikana mabega.

"Na mama," nikasema, "alipoinama kunywa kile kikombe cha kwanza, akacheka kidogo, hivi, upande mmoja, na lile pengo la juu likaonekana, nikajua huyu hafi."

Kicheko kikakatika. Tata Tshilombo akaweka chini sanduku lake.

"Pengo gani?" akauliza.

"La jino. Hapa juu."

"Ile jino ya dada yangu," akasema polepole, "ilianguka hapa hapa gare, tangu tulilala ku reli. Mbele ya kuja huku alikuwa na meno yote. Sasa weye, mwenye kumupa mugongo, pengo uliliona wapi?"

Kati ya maneno mia niliyosema pale, nilikamatwa na lile moja la kweli.

"Sikumutazama mama," nikasema. "Nilitazama mu beseni. Alipoinama, sura yake ikaanguka mu maji, na beseni lilikuwa limetokeza huku chini ya kitenge. Makosa ni ya maji."

"Ingekuwa maji ya mufereji, ungeona nini?"

"Matope."

"Basi. Ni weye uliisafisha. Ulisafisha mpaka ukaona mama-mukwe." Akageukia wengine. "Batata, iko kosa ao aiko kosa?"

"Iko," wakasema wote, hata Badibanga, hata Kalenga ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale ila mwenye pipa.

Mashauri hayakuchukua muda. Filimbi ilikuwa imepigwa mara ya kwanza, na watu waliofukuzwa mjini walikuwa wamesimama duara wakimhukumu mkwe wao, kila mmoja na neno lake, kama tuko nyumbani kwa Mama Mushiya siku ya posa. Faini ya bukwe ni mbuzi. Kwa hali ya vita wakashusha mpaka kuku mmoja. Nikakubali haraka. Tata Tshilombo akaenda kwenye dirisha la behewa alimoketi dada yake kupeleka hukumu, akarudi.

"Dada yangu anauliza, ulitazama na jicho ngapi?"

Nikafikiri kudanganya. Bilonda alikuwa ananitazama, mkono mdomoni, anacheka na kulia.

"Mbili," nikasema.

"Basi anasema kuku mbili."

Bilonda hakungoja. Alichukua baiskeli yangu akaenda nyumbani, akarudi na kuku wetu wawili wa mwisho, wamefungwa miguu, na yule mwekundu anayetaga kila siku alikuwa mmoja wao; mke wangu hakunihurumia hata unyoya. Treni ikaanza kutikisika. Nikawachukua, nikaenda hadi dirishani, nikageuza mgongo, nikafumba macho na kuwanyoosha nyuma juu ya bega, mmoja mmoja. Wa kwanza alichukuliwa. Wa pili nilimshika sekunde moja zaidi kuliko ilivyofaa, na mkono ule kule dirishani ukamvuta kwa nguvu, nguvu ya mtu mzima kabisa, mpaka nikayumba.